Mlenda Usioteleza wa Daktari Ndahani

Sogeeni, na mwenye kubisha abishe nikimaliza.

Alikuwepo Daktari Ndahani wa kule Ugogoni. Si daktari wa sindano, wa majani. Ukoo mzima wa bamia, pamba, choya na mlenda aliujua kama watoto wa tumbo moja, na yale ya porini yasiyo na jina aliyapa yeye. Aliyapa mpaka majina yakataka kuisha duniani! Moja akalipa jina la profesa wake, moja la mkuu wa kituo cha utafiti, moja la padri aliyemwazima mwavuli. Na mkewe, Mwaja? "Linalofuata ni lako, Mama Nyemo." Naye hucheka, "Nimekusikia, Baba Nyemo." Miaka ikaenda, macho ya Daktari yakaingia ukungu, akawa anajua majani kwa vidole tu. Akatamani moja, la mwisho.

Sasa sikieni vipaji. Chilewa, dereva wake wa miaka mingi, akiwa Dodoma alimwona sisimizi akikonyeza Singida. Matika, mrina asali, alipanda chochote, ukimwachia angepanda hata moshi. Na Mwaja alipika mlenda ambao mgeni mmoja alilamba chungu mpaka kikatoboka. Chungu kipo, kaulizeni.

Asubuhi moja Daktari na Matika wako kwenye pikapu, Chilewa akafunga breki.

"Mzee, juu ya lile jabali kuna ua la njano, kitovu chekundu. Silijui."

"Jabali lipi?"

"Hata kwa macho yako ya ujana usingeliona. Tulia."

Matika akapanda. Jabali lenyewe refu, mawingu hulizunguka kwa adabu. Akashuka na tawi mdomoni, ua na vitunda vyake salama. Yeye ndiye hakuwa salama: karibu na chini jiwe lilimponyoka, goti likavunjika. Mpaka leo anachechemea, mizinga anaitazama kutoka chini.

Nyumbani Daktari akalipapasa tawi, akaguna. "Hili ni lile nililompa profesa. Tumemvunja mtu goti bure." Akalibwaga jikoni juu ya ungo, akaenda kukaa na majeruhi, moyo mzito.

Mwaja kukuta majani ya mlenda kwenye ungo, mlitaka afanye nini? Akayachuma, akayapika. Kijiti chenye ua akakiacha palepale.

Daktari akamega ugali, akachovya, akavuta. Hakuna kuvutika!

"Mama Nyemo, mlenda gani huu hautelezi?"

"Nimetia magadi, nimekoroga mpaka mkono umekufa ganzi, umekataa! Si yale majani yako ya kwenye ungo?"

"Umepika sampuli yangu?"

"Uliiweka jikoni, Baba Nyemo. Ulitaka niifue?"

Daktari akacheka mpaka ugali ukamtoka puani. La profesa linateleza kama sabuni. Hili ni jipya! Na kijiti, ua na vitunda vyake, kilikuwepo kutoa ushahidi.

Ila jina ni moja, na likishachapishwa haliguswi.

Chilewa akasema, "Nisingeliona, lingechanulia pimbi. Miaka yote nimekuendesha, Mzee, hata jani la kufutia kioo hujaliita Chilewa."

Matika akasema, "Mimi sisemi. Goti linasema."

Mwaja alikuwa akikusanya vyombo. "Bila chungu changu mngelitupa." Kisha, akimfuta mumewe mlenda kwenye ndevu, akasema kwa sauti ndogo: "Lakini mpe Matika. Mimi nimezoea kungoja."

Hapo ndipo Daktari alipokatika maini. Akashika kijiti, ua limeshaanza kujikunja. Jingine hatalipata, macho yanazima.

"Sema basi, Mzee, niandike," akasema Chilewa.

Daktari akafungua mdomo.

Na mimi nafunga wangu. Aliyeona, aliyepanda, aliyepika: mtoe mmoja, hakuna ua. Haya, nyie mnaojua kila kitu, mngempa nani? Ukimtaja Mwaja, kamwambie Matika mwenyewe, usimtume mtu. Ukimtaja Chilewa, kawatazame hao wawili usoni. Na ukimtaja Matika, ingia jikoni, mama yule bado anaosha vyombo.