Gari Lililongoja Betri

Kungoja si jambo baya. Mkulima huingoja mvua, na mpishi hukingoja chungu kichemke. Lakini kuna mtu ambaye chakula chake kimeshaiva, njaa inamkwaruza, naye bado anangoja kwa kuwa anataka kwanza sahani nzuri. Mtu huyo ndiye waliyemlenga wahenga waliposema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Haya yaliyowapata Gozbert na mkewe yanathibitisha usemi huo.

Gozbert alikuwa seremala. Kila asubuhi alivuka daraja kutoka Kigamboni kwenda Keko, akatengeneza vitanda na makabati kando ya barabara, na jioni akarudi nyumbani Kibada akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mkewe, Tupokigwe, alikuwa fundi cherehani, Mnyakyusa wa Rungwe. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Asifiwe, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Madale. Hawakuwa matajiri, lakini nyumba yao ilikuwa na utulivu, na majirani waliwaonea kijicho kwa jinsi walivyozoeana kama chanda na pete.

Kisukari kilimwingia Tupokigwe kimyakimya kama mchwa kwenye ubao. Kilianza miguuni, kikapanda machoni. Jicho la kushoto lilikwisha kuzima. La kulia liliona, ingawa kama mtu anayetazama kupitia chandarua. Daktari wa macho alimweleza mbele ya mumewe bila kuzunguka.

"Mama, tutaendelea kulitibu hili lililobaki, lakini sitakudanganya. Linaweza kudumu miaka, na linaweza kuondoka ghafla. Kama kuna kitu unatamani kukiona, nenda ukakione."

"Namtaka mama yangu," Tupokigwe alijibu papo hapo.

Mama yake, Bibi Tusajigwe, aliishi karibu na Tukuyu. Miguu ilikuwa imemkataa, hivyo hakuweza tena kusafiri. Naye Tupokigwe hakuweza kupanda basi. Mara ya mwisho alipokaa kutwa nzima miguu ikining'inia, ilivimba, kidole kikafanya kidonda, na ilibaki kidogo akatwe mguu. Madaktari walimkataza safari ya namna ile. Kama angesafiri, ilibidi asafiri akiwa amelala.

Hapo ndipo Gozbert alipopata wazo. Zamani aliwahi kuitwa kurekebisha kabati ndani ya gari la wageni waliokuwa wakizunguka Afrika. Gari lenye kitanda, jiko na friji. Alinunua Hiace kuukuu iliyokuwa imeegeshwa kwa fundi mmoja Tandika, bodi imechakaa lakini injini nzima. Aling'oa viti, akaweka kitanda cha mninga, rafu, na kabati dogo. Tupokigwe alishona mapazia na foronya. Juu ya paa Gozbert alifunga paneli ya sola, na chini ya kitanda akaweka betri mbili za maji zilizokwisha kutumika, za kuendeshea feni, taa na friji dogo la kutunzia dawa ya sindano ya mkewe. Pasaka ilipofika, gari lilikuwa linatembea.

Tatizo lilikuwa betri. Friji lilifanya kazi mchana, lakini kabla hakujapambazuka lilikuwa limezima. Gozbert aliulizia, akaambiwa dawa yake ni betri za lithiamu. Ni nyepesi, hazichoki haraka, na zingeliendesha friji mpaka asubuhi. Bei ya mpya ilimfanya ashike kiuno. Ndipo fundi wa sola aitwaye Sadallah alipomshauri anunue seli za betri hizo zilizotumika, azikusanye kidogo kidogo, kisha waziunge wenyewe.

Likizo ya Pasaka Asifiwe alikuja nyumbani, akalizunguka gari akilishika huku na huku.

"Baba, mie naona limeisha. Shule zimefungwa, twendeni tu."

"Betri bado, mwanangu."

"Betri siyo ishu. Si tunaweka barafu kwenye lile boksi la samaki? Chupa zenyewe za dawa ni mbili. Morogoro tunanunua barafu nyingine, na tukishafika Iringa baridi yenyewe inatosha."

"Barafu huyeyuka, Asifiwe. Dawa ikiharibikia porini tutasema nini? Haraka haraka haina baraka."

Tupokigwe alikuwa ameketi barazani anakunja pindo la pazia. Hakuinua uso. "Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Baba Asifiwe," alisema, na wote watatu wakacheka. Mambo yakaishia hapo.

Gozbert alimpenda mkewe. Hakuna awezaye kulikana hilo. Lakini moyoni mwake kulikuwa na jambo jingine. Alipokwenda kuoa, alifika Rungwe juu ya lori la mkaa, nguo zimejaa masizi, na wajomba wa bibi harusi wakacheka hadi machozi. Safari hii alitaka mkewe afike kwao amelala kama malkia, feni inampepea, na wakwe wamiminiwe maji ya baridi. Isitoshe, alikuwa seremala asiyejua kuuacha ubao. Hata ukiwa umelainika kama kioo, lazima aupige msasa tena.

Seli zilianza kupatikana. Moja ikawa haishiki chaji, ikabidi irudishwe, na Sadallah akahangaika kuipata nyingine ya kulingana nayo. Zilipotimia, ikagundulika kwamba chaja ya zamani haiziwezi. Iliyotengenezwa kwa betri za maji ingeziharibu. Gozbert akarudi Keko kuchonga vitanda vya watu ili apate ya kununua chaja inayofaa. Ilipopatikana, nyaya zikawa nyembamba. Sabasaba ikapita, Nanenane ikapita. Kila ucheleweshaji ulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli.

Wakati huohuo, mishono ya Tupokigwe ilianza kwenda kombo. Mteja mmoja alirudisha gauni, mwingine akaja kuchukua kitambaa chake kabla hakijashonwa. Gozbert aliona. Mkewe alipoanza kumpa sindano amtungie uzi, aliutunga, akamrudishia, akasema, "Karibu tunaondoka." Baadaye mkewe aliacha kumpa sindano, kwa kuwa aliacha kushona.

Jumapili moja Tupokigwe alizungumza na mama yake kwa simu. "Tunakuja, mama. Baba Asifiwe anamalizia gari."

"Njooni hata na toroli," sauti ya kizee ilijibu. "Ila njooni."

Asifiwe alitaka kumkodishia mama yake gari dogo, amlaze kiti cha nyuma. Tupokigwe alikataa. "Baba yako amelitengeneza hili kwa mikono yake, kwa ajili yangu. Nikiondoka kwa gari la mtu mwingine nitamvunja moyo. Acha amalize."

"Na macho, mama?"

"Bado yapo."

Mvua za vuli zilipoanza kudondoka, kazi ilikamilika. Sadallah aliunga waya wa mwisho, akapima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Friji lilikesha likinguruma taratibu. Asubuhi Gozbert alilifungua, akakuta maji yameganda kuwa barafu. Alifurahi kama mtoto aliyevikwa nguo za sikukuu. Alivuta mapazia yote ili ndani kuwe giza, akawasha taa, kisha akaita.

"Mama Asifiwe, njoo uone."

Tupokigwe alitoka akipapasa ukuta. Gozbert alidhani ni miguu inayomsumbua, akamshika mkono, akamwingiza garini na kumketisha kitandani. Akangoja sifa. Mkewe aliuelekeza uso mlangoni.

"Mbona huziwashi?" aliuliza hatimaye.

"Nini?"

"Hizo taa. Washa basi nione."

Gozbert alitazama juu. Taa zilikuwa zinawaka zote, nyeupe, zimemulika mpaka kwenye kona za kabati. 

"Zimewaka, Mama Asifiwe."

"Zote?"

"Zote."

Tupokigwe aliinamisha kichwa. Vidole vyake vililitafuta pazia, vikalishika. "Jana niliona nyuzi nyeusi zinaelea," alisema polepole. "Nikasema zitaondoka. Leo nilipoamka nikadhani ni mawingu ya mvua."

Walimkimbiza hospitali. Daktari alisema damu imevuja ndani ya jicho na kulifunika. Walijaribu yaliyowezekana, wakasubiri, wakajaribu tena. Mwishowe daktari aliweka kalamu mezani na kuwaambia kwamba mwanga hautarudi. Gozbert alitoka nje, akasimama kando ya bomba la maji, akanawa uso mara nyingi kuliko ulivyohitaji. Aliporudi, mkewe alikuwa ameshavaa viatu.

"Twende kwa mama," alisema. "Twende hivyohivyo."

Waliondoka, Asifiwe akiwa nyuma na mama yake. Hakuna kilichoharibika njiani. Betri zilishika chaji, dawa ilikaa baridi, feni ilipepea mpaka Tupokigwe akaomba ipunguzwe. Kila hatua ya safari ilikuwa kama Gozbert alivyoipanga, na kila kilichokwenda vizuri kilimchoma. Mara kwa mara mkewe alimwomba amsimulie barabara, naye hakuwa mtu wa maneno.

"Tupo wapi?"

"Mikumi. Kuna twiga."

"Wangapi?"

"Wengi."

"Wanafanya nini?"

Gozbert alifikiri. "Wamesimama."

Tupokigwe alicheka kidogo, cheko lililokatikia njiani, na Asifiwe akageuzia uso dirishani.

Walifika Rungwe siku ya pili, ukungu ukiwa umeshuka kwenye migomba. Ndugu walijaa uani. Bibi Tusajigwe alikuwa amewekewa kiti mbele ya nyumba tangu asubuhi, amefunikwa khanga mbili kwa baridi. Asifiwe alimteremsha mama yake na kumsogeza mpaka mbele ya kiti.

"Shikamoo, mama," Tupokigwe alisema.

Bibi alimtazama. "Marahaba, mwanangu. Mbona unaangalia mlangoni? Mimi nipo huku."

 Asifiwe ndiye aliyeeleza, kwa maneno machache. Bibi alisikiliza, kisha akamgeukia mkwewe.

"Macho yaliisha lini?"

"Mwezi uliopita, mama."

"Na hili gari, lilianza kutembea lini?"

Gozbert angeweza kudanganya. Kati ya ndugu wale hakuna aliyejua. "Tangu Pasaka," alijibu.

 Bibi Tusajigwe aliichukua mikono ya binti yake, akaiweka juu ya uso wake mwenyewe, akaiacha itembee: kwenye paji la uso, mashavuni, kwenye mdomo uliobaki bila meno.

"Nilitaka kuona kama bado tunafanana," Tupokigwe alisema, na sasa alikuwa analia.

"Tunafanana," mama yake alimjibu. "Tunafanana sana."

Gozbert alirudi kwenye gari. Shemeji zake walikuwa wamelizunguka, wanafungua kabati, wanagonga kitanda, wanauliza habari za sola. Kaka mkubwa wa Tupokigwe alifungua friji, akatoa maji, akayanywa yakiwa baridi na kuyasifu.

"Shemeji, hii ni kazi. Umeme huu unakaa mpaka asubuhi?"

"Unakaa."

"Basi ulifanya vizuri kutokuja mapema na gari lisilokamilika."

Gozbert alilifunga lile friji taratibu. Kutoka upande wa pili wa ua alizisikia sauti za mkewe na mkwewe, moja ikiuliza kuhusu rangi ya khanga, nyingine ikieleza.

"Hapana, shemeji," alisema. "Ingetosha barafu."

Akakaa kwenye ngazi ya gari, mikono magotini, asiweze kwenda walikokuwa wale wawili wala kuondoka. Alikuwa amengoja ili mkewe afike kwao kwa raha akamwone mama yake. Raha ilipatikana, na mama hakuonekana. Hakika, ngoja ngoja huumiza matumbo.