Kofia ya Mshenga na Kitanda cha Bweni

Hapo zamani, kabla simu hazijaanza kufikiri badala ya watoto wa watu, palikuwa na shule juu ya kilima huko Usambara, na bwenini mwake kitanda kimoja kilikuwa kitupu. Mwalimu Mkuu akatangaza: "Atakayeandika insha bora ya 'Kisa cha Kwetu', kitanda ni chake. Lakini kisa kiwe cha kwenu kweli, na maneno yawe yako."

Hoza akakitamani kitanda kile hadi akakiota. Kwao ni bondeni, na masika yalikuwa njiani. Masika kwa Hoza ni kupanda kilima kwa magoti, afike kachelewa na kachafuka, achapwe kwa yote mawili. Taabu ni kwamba kwao hakutokei kitu. Baba analima, mama anapika, paka analala.

Kwa jirani yao Mwajabu ndiko kulikokuwa na mambo! Kila asubuhi, wakipanda kilima, Mwajabu aliwasimulia Hoza na mwenzao Singano kisa cha bibi yake. Mshenga kaja na posa, beberu wa bibi kaila kofia yake. Mshenga kagoma kukaa kichwa wazi mbele ya wakwe, bibi kamvika bakuli la kunawia, na posa ikajibiwa hivyo hivyo.

Basi Hoza akakiandika. Akakipamba, akakinyoosha, na bibi wa Mwajabu akawa bibi yake. Mwajabu naye akaandika kisa chake, ila kalamu yake haikuwa na ulimi wa mdomo wake, hata ukurasa haukujaa. Na Singano, bingwa wa usingizi? Asubuhi ya kukusanya akanakili insha ya Hoza neno kwa neno, kisha chini akaongeza: "Maneno ni ya Hoza. Kisa ni cha Mwajabu. Changu mimi ni mwandiko tu."

Siku ya wazazi, insha ya Hoza ikasomwa. Watu wakacheka hadi vilemba vikalegea. Hoza akajiona kitandani, kajifunika shuka, mvua inanyesha juu ya bati. Mara mzee mmoja akasimama, kaishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mshenga yule ni mimi!" akafoka. "Na bakuli nilivikwa kwa kina Mwajabu. Kwa kina Hoza sijanywa hata maji! Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri makalio."

Hoza aliona haya, haya ya kweli, masikio yakamwaka moto. Lakini kitanda ni kitanda.

"Shikamoo babu," akasema. "Ni kweli, bibi si wangu. Ila kisa hiki kilikuwa kikifia njiani kila asubuhi. Leo mmecheka kwa maneno ya nani? Yangu!"

Mwajabu akaruka. "Bibi yangu, beberu wetu, aibu yetu! Kilima hicho hicho nakipanda na mimi. Ungeniomba, Hoza, ningekupa. Ungetaja jina langu, ningekupigia makofi."

"Mimi jina lako nimelitaja," Singano akasema, akipiga miayo. "Na la Hoza pia. Kati yetu, nani alisema kweli kabla ya kuulizwa?"

"Kofia ilikuwa yangu," mshenga akanung'unika. "Kitanda nikilalie mimi."

Mwalimu Mkuu akakuna kichwa. Nje, tone la kwanza la masika likagonga bati, kisha la pili, na Hoza akaanza kukunja suruali yake taratibu.

Haya, wenzangu mliocheka: kisa cha huyu, maneno ya yule, ukweli wa mwingine, na kitanda ni kimoja. Je, nani alistahili kukilalia? Na wewe unayekimbilia kujibu, kwanza tuambie: jibu hilo ni lako, au umenong'onezwa na jirani?