Jembe Lililopelekwa kwa Senkondo

Jumatano, tarehe ishirini na moja Agosti, mwaka 1996, saa moja na nusu asubuhi, baragumu la pili la kuita watu kazini limekwisha kulia na umande haujakauka, mjane mmoja wa milima ya Upare, jina lake Nambua, alishuka ndivani na jembe lake. Ndiva ni bwawa la udongo la kijiji kizima: usiku hukusanya maji ya vijito, asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Na desturi yake ni hii: asiyekuja kuzoa tope kwa mkono wake hapewi maji, hata kama shamba lake limepakana na ukingo.

Nambua alikuwa na shamba lililolimwa, lakini hakuwa na mbegu. Tumaini lake lilikuwa sanduku la akiba, ambalo wanakijiji walipatana kulianzisha siku hiyo, kazi ikiisha, ili wenye haja wakopeshwe.

Kazi ilipoisha, vikaingia vijisenti sandukuni. Ndipo akafika mtumishi wa Senkondo, mwenye mashine ya kusaga, na bunda nene la noti. Akasema bwana wake hakupata nafasi ya kuja kuzoa tope. Fedha ziingie, na sanduku liitwe kwa jina lake.

Watu wakafurahi. "Liitwe hata Fisi, shemeji, mradi lifunguke," mmoja akamtania Nambua, wakacheka. Yeye hakucheka. Ndani ya bunda lile aliziona mbegu zake, na mvua zilikuwa karibu. Akaona pia kwamba mwenye jina leo ndiye mwenye ufunguo kesho, na wanakijiji watakuwa waombaji mlangoni pake.

Akajifuta tope mikononi, akasema: "Ndugu zangu, maji yakishaingia ndivani, nani huyaita kwa jina la korongo yalikotoka?"

Wakakubali. Bunda likarudishwa, na juu yake Nambua akaweka jembe lake mwenyewe, lipelekwe kwa Senkondo. Senkondo alinuna, kisha akaja nalo, akazoa tope lililomfika magotini, akatia fungu sawa na la wengine. Msimu ule, kwa mkopo mdogo wa sanduku, Nambua alipanda nusu ya shamba tu. Nusu iliyobaki bila mbegu kila mpita njia aliiona.

Sanduku likaitwa Ndiva, na leo ni benki yenye jengo la mawe. Wapo wasemao Senkondo ndiye mwanzilishi, na wapo wasemao jina lilitolewa na wakubwa siku ya kukata utepe. Wote wamekosea. Ilianza asubuhi ile, na jina lilitoka kwa yule aliyezihitaji zile noti kuliko wote. Nawe usomaye, kama uliwahi kutanguliza bunda badala ya mkono wako, jembe ulilopelekewa umeliweka wapi?