Kiti cha Mwenye Gulio

Hapo zamani, na msiniulize ni zamani ipi maana aliyenisimulia naye hakuijua, palikuwa na miji miwili, na kati yake mto mdogo ambao mbuzi aliuvuka bila kulowa tumbo. Upande huu Lugata, upande ule Mkwiro. Lugata walikuwa na chumvi, wakiipika kutoka kwenye udongo wa mbugani. Mkwiro walikuwa na chuma, na wahunzi wao walifua majembe yaliyosifiwa mbali. Kila siku ya tano watu walikutana mtoni, upande wa Mkwiro, kwenye gulio. Chumvi ikaenda kule, majembe yakaja huku, na kila mtu akarudi kwake ameshiba na ana jambo la kusimulia.

Tena watu hao walikuwa watani. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, kisha wakaapa kutaniana badala ya kuuana. Mtani akikutukana, cheka. Mtani akichukua kuku wako, mpe na kifaranga. Na ukifa, mtani ndiye anayeingia kaburini kwanza, analala, anakuigiza ulivyokuwa ukitembea na kusema, na hatoki mpaka wafiwa wamkomboe kwa zawadi. Bila mtani, maiti haizikwi. Ndivyo walivyoishi, na waliishi vizuri.

Basi Lugata wakapata mtemi mpya, jina lake Igulu, kijana mwenye kifua na sauti. Akasema, "Chumvi ni yetu, gulio lihamie upande wetu wa mto." Mtemi wa Mkwiro, Lukomanya, naye si mtu wa kuambiwa. Akasema, "Gulio la babu zangu halihami hata hatua moja." Nyie, mto wenyewe ulikuwa na hatua kumi! Kwa ajili ya hatua kumi, wanaume wawili wazima wakafunga kivuko. Igulu akaweka walinzi huku, Lukomanya akaweka walinzi kule, na amri ikawa moja: atakayevuka, na atakayemvusha, wote wauawe.

Gulio likafa. Mkwiro wakala mboga zisizo na chumvi mpaka watoto wakalia wakiona sufuria. Lugata majembe yao yakalika, yakawa kama vijiko, na mvua ilikuwa karibu. Mke akagombana na mume, jirani na jirani. Lakini wazee wa baraza, pande zote mbili, mchana walipiga kelele za vita na jioni vyungu vyao havikukosa kitu. Walikipataje, sijui. Mimi nasimulia tu.

Mwisho Lukomanya akamwita mhunzi wake mkuu, Mapalala, mtu mkimya mwenye mikono ya kiboko. Akamwambia, "Nifulie mikuki mia mbili. Mwezi ukiandama tunavuka." Mapalala akasema, "Nimesikia, mtemi," akaenda zake kiwandani. Nyundo ikalia siku kumi na mbili. Mikuki ikafungwa kwenye mikeka, mafungu kwa mafungu, ikawekwa ghalani.

Hapo ndipo alipofariki Bibi Ng'walu, mama yake Lukomanya. Alikuwa mzee sana, hana jino hata moja, na kwa kucheka hakuwa na mpinzani. Kabla hajakata roho alimshika mwanawe mkono, akasema, "Mwanangu, nizikwe na watani. Nisipochekwa kaburini sitalala, nitakuja kukuvuta miguu." Akacheka, akafa.

Lukomanya alimpenda mama yake kuliko kitu chochote. Kaburi likachimbwa. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia, na jua lilikuwa kali. Maiti ndani, kaburi wazi, na watani wote wako ng'ambo, ni maadui. Kumwomba Igulu hakuweza. Kumzika mama bila mtani hakuweza. Akakaa chini, akalia.

Ngoma ya msiba ikasikika hadi Lugata. Watu wakainama, kila mtu akiogopa amri. Lakini palikuwa na mama mmoja mjane, mpika chumvi, aliyeitwa Nyamizi. Huyo alikuwa na mdomo, jamani! Akajaza kapu lake chumvi, akajitwisha, akashuka kivukoni adhuhuri, mchana kweupe. Walinzi wa Mkwiro walikuwa wamekwenda msibani. Upande wa Lugata alikuwapo mkuu wa walinzi, Shigela, na mkuki wake.

"Shangazi," akasema Shigela, "unakwenda wapi na mzigo huo?"

"Msibani, mwanangu. Bibi Ng'walu anatungoja."

"Shangazi, rudi. Ukivuka unakufa, na mimi nakufa. Nina watoto wanne."

"Nami nina wawili. Baba yako alipokufa, nani aliingia kaburini?"

Shigela alikumbuka. Aliingia Bibi Ng'walu mwenyewe, akamwigiza marehemu alivyokuwa akikoroma, na siku ile Shigela, mwenye uchungu wote ule, alicheka. Akauchomeka mkuki wake mchangani. Akasema, "Pita, shangazi. Wakiniuliza nitasema kweli." Akalitwaa kapu, akamvusha mwenyewe mpaka ng'ambo, kisha akarudi kukaa karibu na mkuki wake, akingoja kukamatwa.

Nyamizi akaingia uani kwa Lukomanya bila kubisha hodi. Watu wakashikwa na butwaa. Akaonja mboga ya msiba jikoni, akatema. "Loo! Nimeonja mboga hii nikadhani aliyekufa ni mimi!" Akamwaga chumvi katika kila chungu. Kisha akaenda kaburini, akashuka, akalala chali, akakunja mikono.

"Pazuri hapa," akasema. "Lakini Bibi alikuwa mfupi, na shimo refu. Mlikusudia kumzika na nani, na mtemi wenu? Mleteni, nafasi ipo!"

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamesahau namna ya kucheka.

"Toka, mama," akasema Lukomanya kwa sauti nzito. "Nitakukomboa kwa mbuzi."

"Mbuzi wako nitampika na nini, na wewe huna chumvi? Sitaki mbuzi. Nataka mtemi anibebe mgongoni hadi kwangu Lugata. Miguu inaniuma, na ni wewe uliyefunga njia."

Jemadari wa Mkwiro akaruka. "Adui anamtukana mtemi wetu mbele ya maiti! Leteni mikuki!" Vijana wakakimbia ghalani, wakaleta mafungu, wakakata kamba, wakakunjua mikeka. Majembe. Fungu la pili, majembe. Fungu la tatu, majembe. Mia mbili kamili, mapya, yaking'aa, na hakuna mkuki hata mmoja wa kuchokorea meno.

Watu wote wakamgeukia Mapalala. Mapalala akajikuna kichwa. "Mvua iko karibu," akasema.

Mle kaburini Nyamizi akaanza kucheka kile kicheko cha Bibi Ng'walu, kile cha kizee kisicho na meno, kama alivyokuwa akicheka mwenyewe. Lukomanya alipokisikia, uso wake ukavunjika. Akacheka. Akacheka huku machozi yanamtoka, na uani pote watu wakacheka, wakalia mabegani mwa wenzao. Akashuka kaburini mwenyewe, akampandisha yule mama. Bibi Ng'walu akazikwa akichekwa, kama alivyotaka, na mwanawe hakuvutwa miguu.

Dai la Nyamizi likatimizwa siku ileile. Mtemi wa Mkwiro akamtia mpika chumvi mgongoni, akashika njia ya mtoni. Ng'ambo, Igulu alikuwa amekwisha sikia kwamba mlinzi wake amevusha mtu, amekuja na jeshi zima, na Shigela amefungwa kamba mikono yote miwili. Igulu akatazama. Anaona nini? Adui yake anavuka maji kwa tabu, anahema, na juu yake Nyamizi anamhimiza: "Kaza mwendo, mtani, nimeacha chungu motoni!" Igulu alijaribu kukunja uso. Alijaribu kweli. Akashindwa, akacheka mpaka akakaa majini na nguo zake za kitemi.

Na watu wakishakaa majini pamoja hawapigani tena. Shigela akafunguliwa. Watemi wakakubaliana palepale: gulio litarudi, na halitakuwa la Lugata wala la Mkwiro. Litakuwa na mtu wake, Mwenye Gulio. Siku ya gulio neno lake litapita neno la watemi wote wawili, na kiti chake kitawekwa katikati ya mto, juu ya jiwe. Mtu mmoja tu, maana wawili tumekwisha waona. Na achaguliwe kabla ya siku ya gulio. Asipopatikana, kila mtemi atamweka mtu wake, na mnajua wenyewe yatakayofuata.

Akasimama Nyamizi. "Kiti ni changu. Wanaume na mikuki yenu mlijifungia majumbani, nikaenda mimi na kapu la chumvi. Nililala kaburini nikiwa hai katikati ya watu wenye hasira. Kama si mimi, Bibi angeoza ndani na nyinyi mngekuwa vitani."

Jemadari akajibu, "Mama, ulicheza na msiba wa watu. Mtemi wetu asingecheka, vita ungekuwa umevileta wewe. Tumpe kiti mtu anayebahatisha?"

Akasimama Shigela. "Mama huyu alivuka kwa sababu nilimwacha avuke. Yeye angeweza kurudi nyumbani na kapu lake, kesho yake angepika chumvi kama kawaida. Mimi nilijua nakufa, nikabaki palepale kusubiri kamba. Sikukimbia, sikusema uongo. Kama si mimi, huyu angeishia kivukoni."

Igulu akatikisa kichwa. "Nilikupa kivuko ukilinde, Shigela. Leo umemvusha mtu mwema. Kesho akija mwizi mwenye maneno matamu? Mwenye Gulio ni mlinzi wa mali za watu."

Akasimama Mapalala. Maneno hakuyazoea. "Mimi nilianza kabla yao wote. Siku kumi na mbili nilifua majembe huku mtemi akiamini ni mikuki. Kila nyundo ilipolia nilidhani wataingia wanikate kichwa. Shigela alimvusha mama, ndiyo. Mama alitania, ndiyo. Lakini jemadari aliita mikuki, na ingekuwapo, mama angefia mle kaburini. Kama si mimi, mngezika wawili."

Hapo akasimama mwanamke mmoja wa Mkwiro, ana mtoto mgongoni. "Baba Mapalala, nakushukuru. Lakini ulitudanganya. Tulilala tukijua tuna mikuki ghalani. Igulu angevamia usiku wowote, waume zetu wangekufa wameshika majembe. Ulituchagulia bila kutuuliza."

Mapalala akatazama mikono yake.

Lukomanya naye akasimama. "Na mimi je? Nilimeza hasira yangu. Nilibeba mtu!" Watu wote, Lugata na Mkwiro, wakamzomea kwa pamoja, na lilikuwa jambo la kwanza waliloafikiana mwaka ule. Akakaa, anacheka.

Mabishano yakawaka. Lugata wakasema wawili kati ya watatu ni wao, basi kiti ni chao. Mkwiro wakasema ndiyo sababu hasa kiti kiende kwa Mapalala, wasije wakaonewa. Nyamizi akasema asipewe mtu kwa sababu ya mji wake, apewe yeye. Kukakucha siku ya gulio. Watu wamejaa pande zote za mto, mizigo vichwani, chumvi huku na majembe kule. Jiwe katikati, kiti juu yake, na kiti kitupu. Jua linapanda. Watemi wameanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Haya, nyinyi mlionisikiliza, mzigo huo nawatua nyinyi. Aliyethubutu, aliyekubali kufa, au aliyewadanganya watu wake ili wasiue? Semeni upesi, lakini semeni polepole, maana naona wewe umeshampa jirani yako mgongo, na wale kule wamesogea upande wao, na hata dakika moja haijapita tangu hadithi iishe. Je, nani ilikuwa haki yake kukaa juu ya kile kiti?