Bi Pimbi na Mwenye Kiwanda cha Ngozi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba, wakipika uji na kugombania mipaka ya mashamba kama sisi, palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Pimbi. Alikuwa mdogo kweli kweli. Hata akipanda juu ya kinu, hakumfikia Kiboko tumboni. Lakini akili! Akili yake iliweza kupita kwenye tundu la sindano na kurudi bila kukwaruzwa.

Bi Pimbi aliishi miambani na wanawe. Chini ya miamba palikuwa na kiwanda cha ngozi kilichokufa. Enzi zake, Bwana Fisi na Bwana Kiboko walichuma hapo mpaka mashavu yakawavimba. Fisi aliloweka ngozi kwenye mashimo ya dawa kali, na Kiboko akayamwaga maji machafu, bwaa! bwaa! papo hapo uwanjani. Biashara ilipododa, wakafunga mlango, wakahamia ng'ambo ya mto kwenye majumba yao mapya. Mashimo wakayaacha wazi.

Basi ardhi ile ikafa. Mvua ikinyesha, hayaoti hata magugu. Udongo ukawa na rangi ya nyongo. Kisima cha karibu kikaanza kunuka, na watoto wa Bi Pimbi wakatokwa na vidonda miguuni. Kutwa ni kujikuna tu, kwaru! kwaru!

Bi Kanga, jirani yake, ndiye aliyekuwa akimchotea maji safi kutoka mbali.

"Nikulipe nini, shoga yangu?" Bi Pimbi alimuuliza siku moja, machozi yakimlengalenga.

"Watoto wakipona, umenilipa," alijibu Bi Kanga, akatua mtungi akihema. "Lakini shoga, mimi nazeeka. Hii njia itanimaliza."

Maneno hayo yalimchoma Bi Pimbi. Akajifunga kanga kiunoni, akavuka mto mpaka kwa Fisi.

"Hodi!"

"Karibu. Nani huyo? Mbona simwoni?"

"Niko chini huku, Bwana Fisi. Nimekuja kwa ajili ya kile kiwanda chako. Sumu inatuua."

"Changu?" Fisi akaruka. "Hee! Nani kakwambia changu? Kile ni cha Kiboko. Mimi nilikuwa kibarua tu, masikini wa Mungu."

Bi Pimbi akaenda kwa Kiboko. Kiboko akapiga mwayo, aaaah! "Mama, mimi kiwanda sikijui. Nilikuwa napita tu pale. Kamuulize Fisi."

Akavuka tena kurudi kijijini, akaenda kwa Mama Ndovu, mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta. Sanduku la kijiji linatosha kununua majembe, basi. Kazi ile inataka mali: udongo mbaya uondolewe, mashimo yafukiwe, kisima kipya kichimbwe. Haki ni alipe mwenyewe. Lakini mwenyewe ni nani? Kila nikiuliza, huyu anamtaja yule."

"Na akijitaja kwa kinywa chake, mbele ya kijiji kizima?"

"Ah! Hapo hana pa kutokea."

Bi Pimbi akacheka kidogo, akaaga.

Siku ya gulio, watu walisikia ngoma. Ndu! ndu! ndu! Bi Pimbi alikuwa amepanda juu ya gunia la mtama, anatangaza kwa sauti iliyomzidi umbo:

"Enyi wa ng'ambo na wa huku! Kijiji kinataka kumshukuru mwenye kiwanda cha ngozi! Asingejenga, wengi wetu tusingepata kazi enzi zile. Atavishwa kilemba, atakalishwa kwenye zulia, atachinjiwa! Ole wetu, mwenyewe hatumjui! Anayemjua amlete barazani Ijumaa!"

Masikio ya Fisi yakasimama. Alipolisikia neno "atachinjiwa", mate yakamdondoka, do! do! do! Akamkimbilia Bi Pimbi. "Bi mkubwa, ni mimi!"

"Lo! Si ulisema ulikuwa kibarua?"

"Nilikuwa natania! Mimi na utani, basi tena."

Kabla hajamaliza, Kiboko akafika akisukuma watu. "Msikilizeni mwongo huyo! Mwenye kiwanda ni mimi!"

"Mabwana zangu," Bi Pimbi akasema kwa adabu zote, "mimi ni mdogo, siwezi kuamua. Njooni barazani, kila mtu aseme alichofanya."

Ijumaa uwanja ulijaa. Zulia lilitandikwa, kilemba kikawekwa juu yake, na jiko likawashwa pembeni. Mama Ndovu akauliza: "Kiwanda cha ngozi ni cha nani?"

"Changu!" akanguruma Kiboko.

"Changu!" akalia Fisi. "Mashimo yote niliyachimba mimi! Dawa zote nilizinunua mimi!"

"Na nani alizimwaga? Mimi! Kila siku! Bila mimi kile kisingekuwa kiwanda!"

"Basi tuseme ni chetu wawili," akasema Fisi, jicho lake likiwa kwenye jiko. "Mimi na ndugu yangu Kiboko. Mbele ya Mungu na mbele ya kijiji. Nyama iko wapi?"

"Kwanza maji ya kunawa na kunywa," akasema Bi Pimbi. Akaleta kata mbili zilizojaa. "Karibuni, wenye mali. Ni ya kisima cha kiwandani kwenu."

Fisi akanusa. Akarudi nyuma, tup! akamkanyaga Kiboko.

"Haya hayanyweki!"

"Kwa nini, bwana?"

"Yana sumu! Mimi nayajua, dawa ile—"

Akaziba mdomo. Alikuwa amechelewa. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Ni Bi Pimbi peke yake ambaye hakucheka. Aliwaangalia wanawe waliokaa mbele na miguu iliyofungwa vitambaa.

Mama Ndovu akainuka. "Mmejitaja wenyewe. Mali mliyovuna pale ndiyo itakayosafisha pale. Majumba mtayauza, fedha itaingia mfukoni mwa kijiji, na jembe mtashika pamoja nasi."

Walilia, walibembeleza. Wapi! Wakauza majumba. Udongo wa nyongo ukachimbwa, ukafungiwa kwenye shimo lililosilibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Udongo mwema ukaletwa kwa vikapu, na juu yake zikapandwa alizeti, si za kula, bali za kunyonya sumu iliyobaki. Kisima kipya kikachimbwa upande wa juu. Jengo la kiwanda likasuguliwa, likapakwa chokaa, likawa soko la kijiji. Bi Kanga akapata meza pale mlangoni, akauza mayai akiwa amekaa. Vidonda vya watoto vikakauka, kimoja kimoja.

Asubuhi moja Fisi alikuwa anapita sokoni kichwa chini. Mikono yake ilikuwa imeota sugu.

"Bwana Fisi!" Bi Pimbi akamwita.

"Nini tena? Umenilaghai mara moja, inatosha."

"Ni kweli, nilikulaghai. Leo sina hila. Nilikuona ukibeba vikapu kwenye jua. Wanangu wanatembea. Ahsante."

Fisi akasimama. Kwa maisha yake yote alikuwa amepewa mifupa, matusi na mawe. Ahsante hakuwahi kupewa. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akajifuta macho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Yule paa wa bondeni, naye si ana shimo la mafuta machafu karibu na kwake? Majembe yako wapi, nikamsaidie kulifukia?"

Hadithi yangu imefika nyumbani, wanangu, na funzo lake ndilo hili: aliyechafua ndiye asafishe, na aliyesafisha asinyimwe shukrani.