Pete Tisa za Mnyororo

"Kutu husuguliwa, haivishwi." Mmeisikia asubuhi kwenye kikao cha ukoo, mjomba wenu alipowazuia wale ndugu wawili kupeana mikono kabla hawajasema walichogombania. Sasa mmenijia na vigoda vyenu mkitaka kujua imetoka wapi. Acheni kutabasamu, wajukuu zangu, haikutoka kwenye kicheko. Ilianzia hapa hapa Chilendu, kwenye mnyororo wa kisima, na mimi nilikuwepo.

Mwaka ule mvua ilikataa. Kisima chetu kilikuwa kimejaa tope, na maji yaliyobaki tuligombania na ng'ombe. Ilibidi mtu ashuke akalichimbe lile tope, na mtu huyo siku zote alikuwa Ndahani, mdogo wangu wa kiume, tuliyenyonya ziwa moja. Alishuka akiwa amesimama ndani ya ndoo kubwa ya chuma. Ndoo ilining'inia kwenye mnyororo mfupi wa pete arobaini, na mnyororo ulifungwa kwenye kamba nene iliyoshikwa na wanaume sita.

Wachimbaji wa kwetu walikuwa na desturi moja. Kabla ya kushuka, mchimbaji alilowesha kiganja, akaupitisha mnyororo wote humo, pete kwa pete. Kiganja kikitoka chekundu kwa kutu hashuki, hata kama kijiji kinakufa kwa kiu, na hakuna wa kumbishia. Safari ile kiganja cha Ndahani kilitoka chekundu mpaka kwenye kifundo.

Mnyororo mwingine haukuwepo, na mji ulikuwa mwendo wa siku tatu. Ndipo mume wangu Chedego akasema atautengeneza. Alikuwa fundi wa baiskeli na majembe, mikono yake iliijua kazi, ila sifa alizipenda mno. Mjini alikuwa amejifunza kuvisha chuma zinki ili kisishike kutu. Alichuna maganda ya betri kuukuu za tochi, maana yale ndiyo zinki yenyewe, akayaweka kwenye beseni la plastiki lenye siki na chumvi. Chuma kililazwa humo humo, bila kugusana na zinki. Waya mmoja wa betri ya gari aliufunga kwenye zinki, wa pili kwenye chuma, na zinki ikawa inahama polepole na kukivaa chuma. Nimeona kwa macho yangu viputo vikipanda na chuma kikigeuka cheupe. Ni ufundi wa kweli, msije mkasema bibi anaponda ufundi.

Lakini ufundi ule una sharti lake. Kwanza chuma kisuguliwe mpaka kutu yote iishe, ili kama kuna pete iliyolika ionekane na itupwe. Kusugua ilikuwa kazi yangu. Nilisugua kwa mchanga na brashi ya waya siku mbili, vidole vikachubuka. Nilipomaliza pete ya thelathini na moja, watu walikuwa wameshakuja mara tatu kuuliza maji yatapatikana lini. Nikamwambia Chedego zimebaki tisa. Akasema nizitie hivyo hivyo, zinki itazifunika. Nilikuwa nimechoka, na mimi pia nilitaka mume wangu asifiwe. Nikazitia. Zile tisa zilishika zinki kwa shida, akazirudia mara tatu, kisha akazing'arisha kwa majivu.

Siku ya kushuka mnyororo ulimeremeta, akina mama wakapiga vigelegele. Ndahani akalowesha kiganja, akaupitisha pete kwa pete bila haraka. Kiganja kikatoka safi, akakiinua watu wakione. Hata hivyo hakuingia kwenye ndoo. Alinigeukia mimi.

"Dada, wewe ndiye uliyesugua. Zote zimesuguliwa?"

Nikamtazama Chedego. Alikuwa ameinamisha uso.

"Zote," nikasema.

"Basi nishusheni."

Alichimba mpaka jua likawa la utosi. Walipokuwa wakimpandisha, ndoo imejaa tope na yeye amesimama juu ya tope, zikiwa zimebaki pima mbili tuone kichwa chake, wale wanaume sita wakaanguka chali na kamba yao mikononi. Nilichokisikia baada ya hapo sitawasimulia.

Kamba ilipovutwa ilikuja na kipande cha mnyororo, na pete ya mwisho ilikuwa imekatika. Kwa nje ilikuwa nyeupe. Kwa ndani, mahali pete zinapokutana, ilikuwa imelika ikabaki kama bua lililoliwa na mchwa.

Kwenye matanga mama yetu akaiomba ile pete. Chedego akapiga magoti mbele ya wazee, akakiri kwamba yeye ndiye aliyeamuru zile tisa zisisuguliwe. Kisha akaongeza kwamba mimi sikujua, kwamba alinidanganya amezimalizia mwenyewe. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na sikufungua mdomo. Mama akaikwangua pete kwa ukucha wa kidole gumba. Ile nyeupe ikabanduka, kutu ikamdondokea kwenye kiganja.

"Kutu husuguliwa, haivishwi," akasema.

Watu wakayachukua maneno yale, na hadi leo wanadhani alimwambia Chedego. Chedego naye aliyabeba hivyo mpaka anakufa. Tulikaa nyumba moja miaka ishirini na miwili baada ya siku ile, tukala chungu kimoja, na neno langu la pale kisimani hatukulitaja hata mara moja. Nyinyi mmekua mkiniita bibi mwema.

Lakini mama alipokuwa akisema hakumtazama Chedego. Alikuwa amenikazia macho mimi, na kile kiganja chekundu amekinyoosha upande wangu.

Nilijua, wajukuu zangu. Zile tisa nilizijua moja moja, na mdogo wangu aliponiuliza nikasema zote. Kutu husuguliwa, haivishwi.