Ufunguo Mmoja wa Nyumba ya Pampu

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, ni juzi tu, kiangazi kile digrii zetu zilipokauka pamoja na mahindi, palikuwa na mama mmoja wa Kitui, Mwaitu Kavinya. Alikuwa na kitalu cha miche ya nyanya, kisima cha maji ya chumvi, na nafasi ya kazi. Moja! Wakaja watatu, wote graduates, wote wakichapa kazi bure wakingoja achague: Syombua, Musembi na Kithome.

Maji ya kisima yalichanganywa na ya mvua yaliyowekwa akiba. Ndani ya tangi kihisi kilipima umeme unavyopita majini. Chumvi ikizidi, kinapiga kelele. Lakini kihisi husahau. Kwa hiyo kila wiki hutumbukizwa kwenye maji ya kipimo, ya chupa kutoka kiwandani, chumvi yake inajulikana. Kinaambiwa: chumvi hii ni 1413, shika hapo.

Siku moja majani yakaanza kuungua kingo. Kihisi kimya. Mita yake inasema maji safi.

Syombua akayaonja, akatema. "Hii mita inatudanganya!" Akazima pampu.

"Kati yako na mita, nani mwenye akili?" Mwaitu akafoka. "Washa, ama uende kwenu."

"Nitaenda, Mwaitu. Lakini siwashi." Akasimama mlangoni, jua linamchoma, habanduki.

Musembi anakaa, anainuka, anakaa tena. Mwishowe: "Ni mimi. Chupa ya maji ya kipimo niliiacha wazi dirishani tangu wiki jana. Jua limekunywa maji, chumvi imebaki. Tumekifundisha kihisi uongo."

"Na ulikuwa unangoja nini, upate digrii ya masters?" Mwaitu akauliza.

Kithome alikuwa ameshafunga tai. Intavyuu Machakos, ya kwanza tangu ahitimu. Chupa mpya iko Mwingi, njia ya upande wa pili kabisa. Akaangalia saa, akalaani, akavua tai, akapanda boda kwenda Mwingi. Akarudi, akakisuuza kihisi, akakitumbukiza kwenye maji mapya ya kipimo, kisha akakirudisha tangini. Loo! Kelele ya kupasua masikio. Wakamwaga tangi lote, wakamwagilia maji ya mvua matupu. Miche ikapona.

Sasa kelele ikawa ya watu.

"Bila mimi mngekuwa mnazika miche," Syombua akasema.

"Ungezima pampu mpaka lini?" Musembi akadakia. "Miche ingekufa kwa kiu! Bila mimi mngenunua mita mpya mkaifundisha kwa chupa ileile."

"Sikia huyu!" Kithome akacheka kwa hasira. "Anachoma nyumba, halafu anadai zawadi kwa kupiga kamsa. Mimi nimepoteza intavyuu. Nyinyi mmepoteza nini?"

"Mimi nilishafukuzwa!"

"Mimi ningenyamaza, nani angejua?"

Mwaitu Kavinya anauhamisha ufunguo wa nyumba ya pampu, mkono huu, mkono ule. Na msiniambie wapokezane, kazi ni moja. Nyinyi waajiri wa "tutakupigia simu," si kuchagua ndiyo kazi yenu? Haya, wanangoja hapo juani: ufunguo apewe nani?